Kuendesha gari ugenini: jinsi ya kusoma tabia za madereva na kujinusuru na hasira za barabarani

Nilikuwa njia ya kushoto kabisa kwenye barabara kuu ya Ujerumani, ile wanayoiita Autobahn, nikiyapita malori matatu yaliyofuatana. Mshale ulikuwa umegusa 120. Kioo cha ndani kilikuwa kitupu. Nilipokitupia jicho mara ya pili kilikuwa kimejaa gari jeusi, karibu kiasi kwamba sikuiona namba yake. Likawasha taa kubwa mara mbili, harakaharaka. Kwa mazoea yangu taa za namna hiyo ni onyo: tairi limeisha upepo, mlango haujafungwa, kuna jambo. Nikakanyaga breki kidogo ili nisikilize gari langu. Pua ya lile gari la nyuma ikainama, likayumba. Nilipolimaliza lori la tatu na kurudi kulia, dereva wake alinipita akinitazama, huku akijigonga kipaji cha uso kwa kidole.

Alichokuwa ameniambia ni hiki tu: nipo nyuma yako, ukimaliza kupita nipishe. Nami nikamjibu kwa breki. Machoni pake nilikuwa mchokozi, machoni pangu yeye alikuwa mwendawazimu. Hakuna aliyekusudia ubaya kati yetu, na kwa mwendo ule tungeweza kufa wote wawili.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba hasira nyingi anazokutana nazo mgeni barabarani huanzia kwenye ishara iliyosomwa vibaya. Dereva wa pale hajui kwamba wewe ni mgeni. Anaona gari tu, tena pengine gari la kukodi lenye namba za pale pale, likifanya jambo ambalo kwake ni dharau. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kujifunza kabla hujawasha gari. Inayobaki inahusu wale madereva wachache ambao kweli ni wakali, ambao kwao kujua ishara hakusaidii kitu, na unachohitaji ni njia ya kuwatoka ukiwa mzima.

Hatua ya kwanza: karatasi

Hapa sitakaa sana. Leseni ya kimataifa ya udereva ni tafsiri ya leseni yako tu. Peke yake haina nguvu, lazima iambatane na leseni halisi. Hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo ishughulikie kabla ya kuondoka. Ziko za aina zaidi ya moja, kulingana na mkataba: upo wa Geneva wa mwaka 1949 na upo wa Vienna wa mwaka 1968. Japani, kwa mfano, inaitambua ile ya 1949 na haitambui ya 1968. China bara haitambui yoyote kati ya hizo. Uliza ubalozi au kampuni ya kukodisha magari ni ipi inayokubalika unakokwenda, na upate jibu kwa maandishi.

Bima isome mwenyewe mpaka mwisho, hasa sehemu ya kiasi utakachotoa mfukoni gari likipata mkwaruzo. Dereva anayejua kwamba mkwaruzo mdogo hautamfilisi huendesha kwa utulivu zaidi. Anayeogopa kila ukingo wa barabara hukanyaga breki ovyo, na breki za ovyo ndizo zinazowakasirisha walio nyuma.

Hatua ya pili: jifunze taa na honi zinasema nini

Hili ndilo jambo ambalo karibu hakuna anayekufundisha, na ndilo linalozua ugomvi mwingi kuliko yote.

Anza na taa kubwa za kuwasha na kuzima. Ujerumani na Italia maana yake ni "naja" au "nipishe". Ujerumani sheria inaruhusu kabisa kuashiria hivyo nje ya miji unapotaka kumpita mtu, mradi iwe kwa ufupi. Ukiendelea kumulika huku umemganda nyuma, inakuwa kosa la kumshurutisha mwenzako. Uingereza mambo yamegeuka. Kitabu rasmi cha kanuni za barabara kinasema taa hizo ni za kuwajulisha wengine kwamba upo, basi. Lakini mitaani watu huzitumia kusema "pita wewe". Hapo pana mtego mbaya: wako matapeli wanaomulika ili uingie barabarani, kisha wanakugonga makusudi na kudai fidia ya bima, na wewe huna pa kuthibitisha kwamba uliitwa. Kwa hiyo shika hili popote uendapo: taa ya mtu mwingine haikupi haki ya njia. Ingia pale tu ulipohakikisha kwa macho yako kwamba gari lile limesimama au limepunguza mwendo kweli.

Halafu hazadi, zile taa za tahadhari zinazowaka na kuzima pande zote mbili kwa pamoja. Japani dereva uliyemwachia nafasi huziwasha mara mbili tatu kukushukuru. Ujerumani, gari la mbele likiwasha hazadi kwenye barabara kuu, anza kupunguza mwendo papo hapo, kwa sababu anakuonya kwamba foleni imesimama mbele. Fikiria mtu aliyezoea shukrani za Japani akiliona onyo la Ujerumani akiwa kwenye kilomita 130 kwa saa.

Honi nayo ina lugha zake. Nchini India malori mengi yameandikwa nyuma kwa rangi maneno ya kukuomba upige honi, na kweli honi fupi wakati wa kupita ni taarifa ya kawaida, haina uchungu wowote. Uingereza sheria inakukataza kupiga honi ukiwa umesimama, isipokuwa kuna hatari, na ndani ya maeneo ya makazi hairuhusiwi kati ya saa 5:30 usiku na saa 1:00 asubuhi. Japani honi ni ya hatari peke yake. Ukiipiga kumwamsha aliye mbele taa zikiwa kijani, umemtukana mbele za watu. Anayetoka kwenye barabara za kelele akaingia kwenye barabara za kimya anaonekana mgomvi bila kujua. Anayetoka kimya akaingia kelele anajiona anashambuliwa kutwa nzima, mabega yanapanda hadi masikioni, na jioni amechoka kama aliyepigana.

Nakushauri ufanye hivi: siku ya kufika usiendeshe. Panda basi au teksi, kaa mbele kama inaruhusiwa, na kwa nusu saa usitazame majengo. Mtazame dereva. Anapiga honi lini, na anayepigiwa anafanya nini? Akikatiwa njia anasema nini? Nafasi anayoacha mbele yake ni ya gari moja au magari matatu? Nusu saa hiyo itakupa mengi ambayo vitabu havikuandika.

Mikono pia ni lugha. Uingereza ukiinua vidole viwili huku mgongo wa mkono ukimwelekea mwenzako, umemtusi. Ugiriki kiganja wazi chenye vidole vilivyotanuliwa kikimwelekea mtu ni tusi zito la tangu zamani, na ndivyo hasa wengi wetu tunavyoinua mkono kusema asante au samahani. Shukrani iliyo salama karibu kila mahali ni ndogo mno: mikono ibaki kwenye usukani, inua vidole viwili vitatu kidogo, na utikise kichwa mara moja. Ijaribu ukiwa umeegesha, hadi mkono uizoee.

Hatua ya tatu: nani anatangulia

Ugomvi mwingi wa njia panda ni watu wawili ambao kila mmoja anaamini ni zamu yake. Ufaransa, pasipo na alama yoyote, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara pana. Kibao chenye umbo la almasi ya njano kinakuambia kwamba barabara yako ndiyo yenye haki. Kikikatwa kwa mstari mweusi, haki hiyo imekwisha. Kwenye mzunguko mkubwa wa Place Charles de Gaulle jijini Paris, anayeingia ndiye anayepishwa na aliyemo ndani husubiri, kinyume cha mizunguko mingi ya siku hizi. Mgeni akisimama pale kwa adabu kusubiri wa ndani wapite, nyuma yake honi zinalia kwa umoja.

Marekani kuna njia panda zenye kibao cha kusimama pande zote nne. Kila mmoja anasimama kabisa, magurudumu yatulie, kisha wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuondoka. Mkifika pamoja, aliye kulia anatangulia. Ukimfanyia mtu hisani ya kumpisha nje ya zamu yake, unavuruga hesabu ya wote wanne. Huko huko, sehemu nyingi zinaruhusu kukata kulia taa zikiwa nyekundu baada ya kusimama. Jiji la New York haliruhusu, isipokuwa penye kibao kinachosema inaruhusiwa. Kwingineko aliye nyuma yako anaweza kukupigia honi ukate. Ni ruhusa tu, si amri. Kama huoni vizuri, baki ulipo na umwache apige. Na basi la shule la njano likisimama na taa zake nyekundu zikiwaka, simama, hata ukiwa unatokea upande wa pili wa barabara isiyogawanywa katikati. Kulipita basi hilo ni kosa zito, na hasira utakayokutana nayo kwa wazazi itakuwa ya haki.

Njia mbili zinapokuwa moja, Wajerumani hufuata mtindo wanaoulinganisha na zipu: kila njia inatumika mpaka mwisho, kisha gari moja la huku, moja la kule. Penye desturi ya kupanga foleni mapema, yule anayekwenda mpaka mwisho anaonekana anachomekea, na watu watajaza nafasi ili tu asiingie. Tazama waliokutangulia wanafanyaje, ufanye vivyo hivyo, hata kama mtindo wako unauona bora.

Uholanzi ukikata kona, mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja pembeni yako ndiye mwenye haki, naye atakuja kwa kasi bila kukutazama kwa sababu anajua utasimama. Melbourne, Australia, kwenye baadhi ya njia panda zenye tramu, anayetaka kukata kulia huanzia njia ya kushoto na kusubiri katikati. Katika miji ya Vietnam pikipiki hukuzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Kinachowachanganya ni mgeni anayesitasita, anayeingia na kurudi. Huko nenda polepole, kwa mwendo usiobadilika, nao watakupita.

Hatua ya nne: saa ya kwanza ndani ya gari

Kabla hujatoka kwenye maegesho, kaa dakika kumi. Rekebisha kiti na vioo, kisha washa kila kitu kimoja baada ya kingine: taa kubwa, indiketa, waipa, hazadi, honi. Kwenye magari mengi ya Kijapani yenye usukani kulia, kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia. Kwenye magari ya Ulaya, hata yenye usukani kulia, kiko kushoto. Mgeni anafika kwenye kona, anapiga indiketa, na waipa zinaanza kusugua kioo kikavu kwa mlio mkali. Aliye nyuma hajaona ishara yoyote ya kukata kona, ameona breki tu. Hiyo ni sekunde moja ambayo inatosha kumwasha mtu.

Kama unakokwenda wanaendesha upande tofauti na wa kwenu, chagua gari la gia otomatiki ukiweza, ili akili iwe na kazi moja pungufu. Hatari ya kujisahau haiko kwenye msongamano, kwani pale unawafuata wengine. Iko asubuhi na mapema kwenye barabara tupu, unapotoka kituo cha mafuta, na unapokata kona kuingia barabara ya pili. Sema kwa sauti kabla ya kila kona ni upande gani utaangukia. Ukiwa na mwenzako, mpe kazi ya kuusema yeye.

Programu ya ramani iwekewe safari ukiwa umesimama, na sauti iwe juu. Ukipitwa na njia ya kutokea, umepitwa. Endelea hadi inayofuata. Kukata njia tatu kwa ghafla ili kuokoa dakika nne kumewaingiza wageni wengi kwenye ugomvi, na wengine kwenye ajali.

Hatua ya tano: mtu amekuganda nyuma

Usikanyage breki kumtisha. Usipunguze mwendo kumkomoa. Usiongeze mwendo kumridhisha pia, maana atakufuata kwa umbali ule ule, sasa mkiwa kasi zaidi.

La kwanza ni kuongeza nafasi iliyo mbele yako. Wengi hawalifikirii hili. Yeye ameimaliza nafasi yote ya nyuma, kwa hiyo ukilazimika kusimama lazima usimame taratibu, na kwa hilo unahitaji nafasi kubwa mbele. Achia mafuta kidogo kidogo mpaka uipate. Kisha tafuta pa kumpishia. Kwenye barabara ya njia nyingi, washa indiketa mapema na uhamie njia ya mwendo mdogo. Kwenye barabara nyembamba, subiri kituo cha basi, mahali pa kuegesha, au bega pana la barabara. Washa indiketa, ingia, mwache apite. Usiku, kunja kioo cha ndani ili taa zake zisikuchome macho.

Akikupita, usimtazame. Najua ni vigumu. Anapita akiwa amekuandalia uso, anakusubiri umwangalie. Tazama barabara yako. Wengi hupoa wakikosa wa kugombana naye.

Kama kosa ni lako, kubali mara moja: mkono juu kidogo, kichwa chini kidogo. Nimeona madereva waliokuwa tayari wameshusha kioo watukane wakafunga kioo na kuondoka kwa ishara hiyo tu.

Hatua ya sita: anapokufuata au anapokuzuia

Huyu sasa ni mtu mwingine. Hapa usifikirie tena nani ana haki.

Juni 2017, kwenye barabara ya mwendo kasi ya Tomei nchini Japani, dereva mmoja alilifuata gari la familia baada ya kukwaruzana kwa maneno mahali pa kupumzikia, akalizuia mpaka likasimama kwenye njia ya kupita magari mengine. Lori likaja likaligonga. Mume na mke walikufa. Mabinti zao wawili walinusurika. Wajapani walishtuka mno, na mwaka 2020 sheria ikabadilishwa: kumsumbua dereva mwenzako kwa makusudi, iwe kwa kumganda, kumkatia breki au kumpigia honi mfululizo, kunaweza kukupeleka gerezani hadi miaka 3, na ukimweka kwenye hatari kubwa, kama kumsimamisha barabara kuu, hadi miaka 5. Nakisimulia kisa hiki kwa ajili ya jambo moja: usisimame kwenye barabara kuu kwa sababu mtu anataka usimame. Punguza mwendo, baki njia ya mwendo mdogo, washa hazadi, toka kwenye njia ya kutokea inayofuata.

Ukishuku unafuatwa, zunguka mzunguko mzima mara moja, au kata kona nne za upande mmoja. Akiwa bado yuko nyuma, hilo si sadfa tena. Usiende hotelini wala nyumba uliyofikia, kwa sababu utamwonyesha unapolala. Nenda kituo cha polisi, zimamoto, hospitali, au kituo cha mafuta chenye taa na watu. Piga simu ya dharura kwa kipaza sauti: 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, 999 au 112 Uingereza, 911 Marekani na Canada, 110 kwa polisi wa Japani, 000 Australia. Mwambie aliye na wewe apige, wewe shika usukani. Na kabla ya hapo, kila unapoendesha, jua jina la barabara uliyopo. Polisi watakuuliza hilo kwanza, na ni aibu na hatari kubaki unatafuta kibao.

Mkiwa mmesimama kwenye foleni na akashuka kuja kwako: milango imefungwa, vioo juu, gari linawaka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwenye foleni daima usimame mahali unapoweza kuona matairi ya gari la mbele yakigusa lami. Nafasi hiyo inakutosha kukata na kutoka bila kurudi nyuma. Mikono yako ionekane. Usimwekee simu usoni kumrekodi, maana kwa aliyewaka huo ni uchokozi mpya. Akianza kupiga kioo, shikilia honi bila kuachia, watu wageuke. Usishuke. Hata kama ni mdogo kwako, hata kama ameomba radhi, usishuke. Marekani, zaidi ya kwingi, zingatia kwamba anaweza kuwa na bastola ndani ya gari, na kwa majimbo mengi hilo si jambo la ajabu.

Hatua ya saba: hasira yako mwenyewe

Mgeni ana sababu nyingi za kuwaka. Amelala vibaya kwenye ndege, haelewi vibao, amepigiwa honi mara saba kabla ya chakula cha mchana. Lakini ndiye mwenye mengi ya kupoteza. Ujerumani kumwonyesha mtu kidole cha kati, au kujigonga kipaji kama nilivyofanyiwa, ni kosa la kutusi chini ya sheria ya jinai, na faini inaweza kupita hata ile ya mwendo kasi. Falme za Kiarabu ishara chafu ya mkono ni jinai, na kwa mgeni inaweza kuishia kwa kufukuzwa nchini. Kosa ambalo kwa mwenyeji ni faini, kwako linaweza kuwa ndege ya kurudi na kazi iliyopotea.

Ninachokifanya mimi ni kusema kwa sauti nilichokiona, bila kutia jina la mtu: "Gari jekundu limeingia bila indiketa." Basi. Nikisema "mpumbavu huyu", najikuta bado namfikiria kilomita kumi mbele. Na mikono ikitetemeka, natafuta mahali pa kuegesha, nazima gari, nashuka nje, natembea hadi pumzi irudi. Robo saa haijawahi kunitosha. Jipe nusu saa.

Kuhusu kamera ya kwenye kioo: usiibebe tu kwa sababu kwenu inaruhusiwa. Austria wana masharti makali mno ya faragha juu yake. Ujerumani mahakama kuu ya shirikisho iliamua mwaka 2018 kwamba picha zake zinaweza kukubaliwa kama ushahidi, lakini kurekodi mfululizo bila sababu kunabaki kuvunja sheria ya faragha.

Hatua ya nane: polisi na ajali

Ukisimamishwa Marekani, egesha kulia, zima gari, washa taa ya ndani kama ni usiku, baki ndani, mikono juu ya usukani. Usiinamie kabati la gari kutafuta karatasi kabla hujaambiwa. Sema kwanza zilipo. Kwingineko kuna mahali ambapo ni adabu kushuka na kusalimia. Uliza mapema. Faini za papo hapo zipo kisheria kwa wageni katika nchi kadhaa za Ulaya, na zina risiti. Dai risiti kwa sauti ya upole.

Baada ya kugongana, hata kidogo, piga picha za magari kabla hayajasogezwa kama ni salama, namba, alama za barabarani, leseni na bima ya mwenzako. Japani kila ajali lazima iripotiwe polisi, na bila cheti chao bima itakusumbua. Ufaransa na nchi jirani madereva hujaza pamoja fomu ya maelezo ya ajali. Usiisaini kama imeandikwa kwa lugha usiyoisoma mpaka uielewe, hata mwenzako akifoka. Fomu hiyo ina mpangilio ule ule katika lugha mbalimbali, kwa hiyo chapisha nakala ya lugha unayoijua na uifananishe kisanduku kwa kisanduku.

Ukiwa abiria na dereva wa teksi ndiye aliyewaka, usimkemee wala usimtetee. Sema unajisikia kutapika. Hakuna dereva asiyesimama. Shuka penye mwanga.

Siku ya tatu

Alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, saa 11, Sweden nzima ilihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Watu walitarajia maafa. Mwanzoni ajali zilipungua, kwa sababu kila mtu aliendesha akiwa amekaza macho. Kisha mazoea yakarudi, na ajali nazo zikarudi zilikokuwa.

Ndivyo inavyomwendea mgeni. Siku ya kwanza hapati shida. Anaogopa kila kitu. Siku ya tatu ameanza kuweka kiwiko dirishani, anaongea na abiria, mkono unatafuta gia upande wa nyumbani. Hapo ndipo anapotoka kituo cha mafuta akaingia upande usio wake, na gari la kwanza kukutana nalo linashika honi. Mimi hubandika kikaratasi kidogo juu ya spidomita, kina mshale mmoja wa upande wa kuendesha na namba ya dharura chini yake. Kinanichosha kukiona, na mara nyingine kinaziba taa ya mafuta. Sikibandui mpaka nirudishe funguo.